Harrier Mpya, RAV4 au CX-5? Tuanze na Krosova Yenyewe

Katika kila kundi la wapenda magari swali siku hizi ni lilelile: nichukue Harrier mpya, RAV4, CX-5, X-Trail au Forester? Majibu yanagongana palepale. Mmoja anasema chukua Harrier, hiyo ni SUV, inapita popote. Wa pili anamkatalia, anasema Harrier ni gari dogo lililovalishwa bodi kubwa. Wa tatu anauliza kama ni 4WD, yaani kama injini inasukuma magurudumu yote manne. Wa nne anaonya kwamba ina CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kawaida, na CVT haziwezi barabara zetu. Muulizaji, ambaye huenda ameweka akiba kwa miaka au ndiyo kwanza anajaza fomu ya mkopo wa SACCOS, anaondoka na wasiwasi mkubwa kuliko aliokuja nao.

Kila mmoja kati ya hao wanne ameshika kipande cha ukweli. Kinachowagombanisha ni kwamba SUV, krosova, 4WD na CVT ni maneno wanayoyatumia kwa vitu visivyofanana. Tuyafungue moja baada ya jingine, tukichukua Harrier kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Na tukisema mpya, huku kwetu kwa kawaida tunamaanisha toleo jipya, maana gari lenyewe limeshatembea Japani miaka kadhaa. Ninayoizungumzia ni Harrier ya kizazi cha nne, iliyoingia sokoni Japani Juni 2020.

Chasisi au bodi?

SUV za zamani zilijengwa kama malori. Chini kuna chasisi, yaani fremu nzito ya chuma inayobeba injini, magurudumu na mzigo, kisha bodi inafungwa juu yake kwa bolti. Land Cruiser, Prado na Fortuner ni za aina hiyo hadi leo. Krosova haina fremu hiyo. Bodi, sakafu na nguzo za milango vimechomelewa vikawa kitu kimoja, kama zilivyo Corolla na Camry. Fikiria mkokoteni na mtumbwi. Mkokoteni una fremu chini na sanduku juu. Sanduku likioza unaling'oa, fremu inaendelea kubeba. Mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja hauna fremu, ubavu wake ndio nguvu yake.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Harrier haijawahi kuwa na chasisi ya lori. Ile ya kwanza ya 1997 ilitokana na Camry, na hata ile ya pili ya 2003, ambayo Watanzania waliibatiza "tako la nyani" na wengi huisifu kuwa ndiyo Harrier ngumu ya kweli, imejengwa kwa mtindo huohuo. RAV4 nayo tangu ilipoanza mwaka 1994 ni gari dogo lililoinuliwa. Kwa hiyo anayesema Harrier mpya "siyo SUV kama zile za zamani" anakosea mara mbili: ya zamani nayo ilikuwa krosova, na ugumu wake ulitoka kwenye injini na giaboksi rahisi kutengeneza, chasisi haikuhusika.

Kuwa krosova si aibu. Gari linakuwa jepesi, linakunywa mafuta kidogo, linakata kona bila kuyumba sana na haliwachoshi abiria kutoka Dar hadi Arusha. Unachokipoteza ni uwezo wa kubeba uzito mkubwa kila siku na kuvumilia barabara inayolipinda gari huku na huku, gurudumu moja shimoni na jingine juu ya jiwe, mwaka baada ya mwaka. Bushi, zile mpira za maungio ya chini, zitaanza kulia, milango itaanza kugonga, na hutakuwa umeonewa na mtu. Gari halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ukubwa wa nje na nafasi ya ndani

Neno "saizi ya kati" nalo linategemea nani anapima. Marekani RAV4 huwekwa kwenye kundi la magari madogo, na Harrier, ambayo kule iliuzwa kwa jina la Venza, ikatangazwa kama ya saizi ya kati. Ukiangalia vipimo unakuta Harrier ina urefu wa milimita 4740 na RAV4 ya Japani ya kizazi cha tano milimita 4600. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni uleule, milimita 2690, kwa sababu yote mawili yanatumia jukwaa moja la Toyota, yaani muundo uleule wa chini. Urefu uliozidi umekwenda kwenye umbo, ule mgongo unaoteremka na pua ndefu.

Matokeo yake yako kwenye buti. La RAV4 ni lita 580, la Harrier ni lita 409. Familia ya watu watano inayosafiri Desemba kwenda kijijini na mabegi, ndoo na gunia la mchele wa wazazi itaiona tofauti hiyo siku ya kwanza. Harrier imekaa vizuri zaidi ndani, ina utulivu, na kwa macho yangu ni nzuri kuliko RAV4. Lakini anayeinunua kwa sababu "ni kubwa" amenunua urefu wa bampa.

4WD ipi?

Mkanganyiko huu chanzo chake ni Japani kwenyewe. Katika matangazo na karatasi za mnada za kule, gari lolote ambalo injini inaweza kusukuma magurudumu yote manne huandikwa 4WD, iwe Land Cruiser au gari dogo la kwenda sokoni wakati wa theluji. Mnunuzi wa huku anaona herufi hizo tatu na kichwani inamjia picha ya Land Cruiser ya mbugani.

Prado ina kisanduku cha pili cha gia chenye L4, gia nzito inayolifanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi. Krosova tunazozijadili hapa hazina L4. Harrier ya petroli ya 4WD hutembea kwa magurudumu ya mbele muda mwingi. Mbele ya difu ya nyuma, kile kisanduku cha gia kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, kuna klachi ndogo ya umeme inayoshika pale kompyuta inapoona tairi za mbele zinateleza. X-Trail ya kizazi cha T32 ina swichi yenye 2WD, AUTO na LOCK, na ukiiweka LOCK kwenye mwendo mdogo nguvu inagawanywa nusu kwa nusu. Forester hupeleka nguvu mbele na nyuma muda wote, na ndiyo maana wapenzi wake wanaitetea kwa moyo wote kwenye utelezi. Nami katika hilo nakubaliana nao.

Harrier ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota za umeme, ikiwa ya magurudumu yote ina mfumo mwingine kabisa, unaoitwa E-Four. Ukichungulia chini yake hutaona propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kutoka mbele kwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yana mota yao ya umeme, ya kilowati 40, inayojitegemea. Inasaidia sana kuondoka kwenye nyasi zilizolowa au kupanda njia ya kuingilia nyumbani yenye mwinuko. Kwenye tope refu, ambako magurudumu ya nyuma yanatakiwa kusukuma kwa dakika nyingi bila kupumzika, usiitegemee.

Klachi hizo ndogo za umeme nazo zina kikomo. Zikilazimishwa tope zito zinapata moto, na kompyuta inazikata ili zisiungue. Wakazi wa Shinyanga na Simiyu wanaujua ule udongo mweusi wa mbuga mvua zikikolea, na wa Kitengela kule Kenya wana wa kwao. Pale dereva wa krosova anaona taa ya onyo kwenye dashibodi, gari linabaki na magurudumu mawili, na safari imeishia hapo. Watu wanasema gari ni bovu, kumbe limejilinda.

Na urefu kutoka ardhini? Forester ya kizazi cha SK ina milimita 220 kati ya tumbo lake na ardhi, CX-5 milimita 210, Harrier mpya 190 hadi 195. Prado ya 150 iko karibu milimita 220, sawa na Forester. Hapo ndipo unaona kwamba rula peke yake haikuambii gari litafika wapi. Prado inaishinda Forester kwenye njia mbovu kwa L4, kwa chasisi na kwa ekseli yake nzima ya nyuma. Lakini kwa matuta ya mtaani na barabara ya changarawe iliyochimbika kidogo, zile milimita 25 hadi 30 kati ya Harrier na Forester zina maana, hasa gari likijaa watu na mzigo na kushuka zaidi.

Jambo moja la usalama lisemwe wazi. Magurudumu manne yanayosukuma hukusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Breki za gari la 2WD na la 4WD zinafanya kazi ileile, na anayeongeza mwendo kwenye mvua ya mlima Kitonga kwa kuwa ana 4WD anajihatarisha yeye na wengine. Kinachokusimamisha ni tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kwenye gari la magurudumu yote, tairi nne zilingane kwa saizi na kwa kuisha. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili kipara nyuma, mfumo unadhani kuna utelezi hata kwenye lami kavu, na klachi ile ya nyuma inafanya kazi pasipo sababu mpaka inachoka.

Namna ya kujua kilicho mbele yako

Usitegemee neno la dalali wala stika ya nyuma. Fungua boneti au mlango wa dereva utafute bamba dogo la chuma lenye namba ya modeli. Kwa Harrier mpya, MXUA80 ni petroli ya 2WD na MXUA85 ni petroli ya 4WD. AXUH80 ni haibridi ya 2WD, AXUH85 ni haibridi yenye E-Four. Yaani tarakimu ya mwisho ikiwa 0, magurudumu ya nyuma yanafuata tu. Ikiwa 5, yanasukuma. Kwa Harrier ya kizazi cha tatu, ZSU60 na ZSU65 zinatofautiana kwa kanuni hiyohiyo. RAV4 ya kizazi cha tano ya petroli inatumia 52 kwa 2WD na 54 kwa 4WD: MXAA52, MXAA54. X-Trail ya T32 ikitanguliwa na N, yaani NT32, ni ya magurudumu yote.

Kwa gari la petroli kuna njia ya pili. Chuchumaa nyuma ya gari, uangalie katikati ya magurudumu. Ukiona kichwa cha difu na propela imekuja mpaka hapo, ni 4WD. Ukiona tangi, bomba la moshi na uwazi mtupu, ni 2WD, hata kama tangazo limesema vinginevyo. Kwa haibridi rudi kwenye bamba, kwa sababu propela haipo hata kwenye ile ya magurudumu yote.

CVT, na CVT ambayo si CVT

Giaboksi ya otomatiki ya kawaida ina gia zake kadhaa na inaruka kutoka moja kwenda nyingine. CVT haina gia za namna hiyo. Ina puli mbili zilizounganishwa na mkanda wa chuma, au mnyororo kwa upande wa Subaru, na puli hizo zinabana na kuachia ili uwiano ubadilike taratibu. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele moja ndefu bila kubadilisha gia.

Hofu ya CVT ina msingi wake. Marekani, Nissan ililazimika kuongeza muda wa dhamana ya CVT za Rogue, ambayo ni X-Trail kwa jina la kule, za miaka ya 2014 hadi 2018. Mkanda wa chuma unaishi kwa oili, na oili ya CVT inaharibiwa na joto. Mlima mrefu ukiwa na mzigo, foleni ya jua kali, kuvuta gari jingine, vyote vinapandisha joto hilo. Lakini sehemu kubwa ya tatizo letu inaanzia gereji. CVT inamiminiwa hydraulic, yaani oili, ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, au haibadilishwi oili kabisa kwa kuwa mwenye gari aliambiwa ni ya maisha. Kila CVT ina oili yake iliyotajwa na kiwanda, na gari linalopita foleni na vumbi linastahili kubadilishiwa mapema, fundi akifuata kipimo cha joto na ujazo. Ukikuta gari la CVT linalotetemeka likiondoka, au linalosita kabla ya kuingia D, gia ya kwenda mbele, liache hapohapo hata bei ikiwa nzuri.

Harrier mpya ya petroli ina CVT iliyoboreshwa, yenye gia halisi ya chuma kwa ajili ya kuondokea, kisha mkanda unapokea mwendo ukishapatikana. Hilo linaupunguzia mkanda kazi ngumu kuliko zote. CX-5 haina CVT hata kidogo. Ina otomatiki ya kawaida ya gia 6, na kwa mtu anayekaa Mbeya au Nyeri na kupanda milima kila siku, hiyo ni sababu tosha ya kuitazama kwa makini.

Sasa lililo muhimu kuliko yote katika sehemu hii. Haibridi za Toyota nazo huandikwa CVT kwenye matangazo, na watu wanazikimbia kwa ajili ya herufi hizo. Ndani yake hamna mkanda wala puli. Kuna seti ya gia zinazozungukana, mota mbili za umeme, na injini. Mota zikiongeza au kupunguza mwendo, uwiano unabadilika. Ni miongoni mwa giaboksi zinazodumu zaidi katika magari ya leo. Anayeikataa haibridi kwa hofu ya CVT na kuchukua petroli yenye mkanda amekimbilia kilekile alichokuwa anakikimbia.

Betri ya haibridi

Kwenye kipimo rasmi cha Japani, Harrier ya petroli ya 2WD inakwenda kilomita 15.4 kwa lita, na haibridi ya 2WD kilomita 22.3. Kwenye foleni zetu hutazipata namba hizo, lakini tofauti kati ya mbili hizo inabaki, na inakuwa kubwa zaidi hukohuko kwenye foleni, kwa sababu injini inazimika na kila ukigusa breki umeme unarudi kwenye betri. Kwenye barabara kuu ya mwendo usiobadilika, tofauti inapungua.

Watu husema betri ikifa gari limekufa. Betri kubwa huchoka polepole kwa miaka, na inaweza kutengenezwa au kubadilishwa. Mara nyingi haibridi "iliyokufa" asubuhi imeishiwa betri ndogo ya kawaida ya volti 12, ile ambayo bila yake kompyuta haziwaki na gari halitoi alama ya READY. Pima hiyo kwanza kabla mtu hajakutajia mamilioni.

Kinachoiua betri kubwa kabla ya wakati wake ni joto. Imekaa chini ya kiti cha nyuma, na inapoozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu lililo chini ya kiti hicho. Liangalie siku ya ukaguzi. Nimeyaona yamezibwa na kapeti la ziada, mifuko ya plastiki, nywele za mbwa, na vumbi jekundu lililogandamana kama ugoro. Chujio lake dogo ni la kusafishwa, na kazi hiyo haihitaji fundi mkubwa. Nyaya za rangi ya machungwa ndizo zinazobeba umeme mkali, na fundi asiyejua kuukata asiziguse, zinaweza kuua.

CX-5 ya dizeli

Hapa wapenda mwendo huwa wanaponzwa na mapenzi. Injini ya dizeli ya 2.2 ya CX-5 ina msukumo wa Nm 420 kwenye matoleo ya mwanzo, na ukiiendesha ni rahisi kuipenda. Lakini ina chujio la masizi kwenye moshi ambalo hujichoma na kujisafisha gari likienda safari ndefu. Likizungushwa mjini tu, kilomita chache asubuhi na chache jioni, usafishaji ule hukatizwa katikati, masizi yanajaa, na dizeli inaweza kuchanganyika na oili ya injini. Isitoshe, Japani dizeli yake ina salfa isiyozidi 10 ppm, yaani sehemu 10 kwa kila milioni, na kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50 ppm. Kwa anayesafiri Nairobi hadi Eldoret kila wiki, sawa. Kwa anayetoka Mbezi kwenda Posta, achukue ya petroli.

Bei haikuishia bandarini

Kenya hairuhusu gari lililosajiliwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 8 iliyopita, hivyo Harrier za mwanzo za kizazi cha tatu haziingii tena kule. Tanzania inaziruhusu, ila TRA, mamlaka ya mapato, huongeza ushuru wa uchakavu gari likifikisha miaka 8, na zaidi likivuka 10. TRA pia huangalia ujazo wa injini: Harrier ya petroli ni cc 1986 na haibridi ni cc 2487, na mpaka uko kwenye cc 2000. Haibridi inaanza safari ikiwa imelipiwa zaidi, na faida yake ya mafuta inarudi kwa anayetembea sana, hasa mjini. Anayeendesha Jumapili kwenda ibadani na kurudi hataiona.

Harrier ina hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: inauzika. Vipuri vya Toyota unavipata Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi bila kuzunguka, na ukikwama kwa ada za shule unaiuza ndani ya muda mfupi. Forester na CX-5 zinahitaji fundi anayezijua kweli, na ukiwa Songea au Lodwar uliza kwanza fundi huyo anakaa wapi.

Mimi, kwa familia ya mjini inayosafiri mara chache kwa lami, ningechukua haibridi ya 2WD, iwe Harrier au RAV4 kutegemea mizigo, na fedha ya E-Four ningeiweka kwenye tairi nzuri. Kwa wanaoishi kwenye miinuko yenye utelezi kama ya Lushoto au Murang'a, Forester, mradi CVT yake ina rekodi ya oili. CX-5 ya petroli ni ya anayependa kuendesha mwenyewe na kupanda milima. Na yule ambaye nyumba yake ina kilomita kadhaa za udongo mweusi kutoka lami, anayebeba mbolea na mahindi na hawezi kusubiri jua likaushe njia, aache magari yote niliyoyataja kwenye swali la mwanzo. Fedha ya Harrier mpya inampa Prado ya miaka mingi nyuma au Hilux iliyotumika, na kwa barabara ile hayo ndiyo magari yake.